Kabla hujaandika "kalewa" kwenye faili

Usiku wa mwisho wa wiki, huku kwetu Kilimanjaro, mnywaji wa miaka mingi huletwa na shemeji zake akinuka gongo, nao ugonjwa wameshautaja: "Kalewa tu, nesi, muache alale." Usimuache.

Anza na sukari. Aliyeshinda akinywa bila kula, sukari humshuka. Ikiwa chini ya 3.3 mmol/L, mpe glukosi ya mshipa hapo hapo. Wapo wanaoizuia mpaka thiamini (vitamini B1) ipatikane kwanza. Ubongo haungoji famasia ifunguliwe. Thiamini ifuate mara moja.

Kisha papasa kichwa, tafuta uvimbe na damu iliyogandia nywele, linganisha mboni. Huenda alianguka wiki mbili zilizopita, hakuna anayekumbuka, na damu inavuja taratibu juu ya ubongo.

Sasa macho, ambayo wengi huyaruka. Afuate kidole chako: je, yanachezacheza, au jicho moja linagoma kugeuka? Mwaka 1881 daktari wa Kijerumani Carl Wernicke alieleza dalili tatu: macho hayo, kuchanganyikiwa na kuyumba. Usisubiri zikamilike, maana wengi hawazionyeshi zote. Na kuyumba, nani asiyeyumba akilewa? Ndiyo maana mtu akiwa amekonda, hapati mlo wa kutosha, na ana dalili hata moja ya hizo, mimi namtibu: thiamini miligramu 500 ndani ya salini (maji ya chumvi ya dripu) mililita 100, ipite kwa nusu saa, mara 3 kwa siku, siku 2 au 3. Vidonge havitoshi, utumbo wa mnywaji haunyonyi vizuri. Ukiwa na vitamini B mchanganyiko pekee, soma kibandiko, kiasi cha thiamini hutofautiana. Akicheleweshwa, kumbukumbu huharibika: atakusimulia safari ya jana ya Arusha, kituo kwa kituo, na jana alikuwa wodini.

Mke wake muulize hivi: "Mama, mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini, saa ngapi?" Degedege la kukata pombe huja kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho, kuweweseka kwa jasho na mapigo ya kasi, siku ya 2 hadi ya 4. Dawa ni diazepamu, miligramu 10 polepole mshipani, jicho likiwa kwenye upumuaji. Fenitoini, dawa ya kifafa, haizuii degedege hili, na klopromazini, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, hulichochea.

Saa hiyo ya kinywaji cha mwisho iandike juu kabisa ya faili, kwa kalamu nyekundu. Anayeingia zamu ya asubuhi atamkuta mgonjwa ametulia na atataka kumruhusu.