Mzazi aliyerudi nyumbani: namna ya kumsaidia anyonyeshe

Mzazi aliyejifungua salama mara nyingi huruhusiwa kutoka hospitali baada ya siku moja. Aliyepasuliwa hukaa kidogo zaidi. Maziwa mengi, kwa upande wake, hushuka kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa hiyo kipindi kigumu cha kunyonyesha humkuta yuko nyumbani tayari, awe Pasua au Majengo mjini Moshi, au kule juu Kibosho, na walio karibu naye ni mama mkwe, wifi na majirani, kila mmoja na ushauri wake. Mwongozo huu ni wa yule anayekwenda kumsaidia: mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi, au ndugu anayeijua kazi.

Ziara tatu zinatosha kwa mzazi asiye na tatizo kubwa: ndani ya saa 48 baada ya kutoka hospitali, siku ya nne au ya tano, kisha mwishoni mwa wiki ya pili. Ukiweza moja tu, chagua ya siku ya nne. Siku hiyo matiti yamejaa, chuchu zinawaka, mtoto amepungua uzito kidogo, na kuna mtu ameshatajataja maziwa ya kopo. Wakati wa masika ondoka asubuhi, maana mvua ikishanyesha njia za migombani hazipandiki kwa bodaboda.

Beba mizani ya kupimia watoto, kipimajoto, sabuni, kijiko na kikombe kidogo chenye mdomo laini. Kata kucha. Chupa ya kunyonyeshea na maziwa ya kopo usivibebe hata kama zawadi. Vikikaa mezani vitatumika usiku wa kwanza mtoto atakapolia.

Kabla hujagusa titi

Anza na bibi. Katika nyumba nyingi za uchagani mwenye uzazi ni mama mkwe: ndiye anayepika, anayekanda, anayeamua nani aingie chumbani. Mwamkie shikamoo, mpe pole na hongera, keti naye dakika kumi. Ukimruka, kila utakalomfundisha mzazi litafutwa ukishavuka geti.

Kwa mzazi usiulize "unanyonyesha vizuri?" Atajibu "vizuri tu, namshukuru Mungu", nawe hutajua lolote. Uliza hivi: tangu jana asubuhi mtoto amenyonya mara ngapi? Amekojoa mara ngapi? Kinyesi kina rangi gani? Chuchu inauma mwanzo tu, au mwanzo hadi mwisho? Omba kadi ya kliniki, usome uzito wa kuzaliwa.

Kisha omba kumwona akinyonyesha, ukae kimya uangalie mlo wote. Ndiyo sehemu ya kazi inayorukwa zaidi, kwa sababu msaidizi huwa na hamu ya kufundisha. Dakika tano za mwanzo zitakuonyesha mambo ambayo maswali ishirini hayawezi.

Kumshikisha titi sawasawa

Matatizo mengi ya siku za mwanzo, yaani chuchu kuchanika, matiti kuvimba, mtoto kutoshiba, yana mzizi mmoja: mtoto ameshika chuchu badala ya kushika titi. Chuchu ikiwa mbele ya mdomo husagwa kati ya ufizi, ulimi na kaakaa gumu. Ikiingia ndani kabisa hufika penye ulaini, haiumi, na ulimi unakamua titi lenyewe.

Mtoto wa Moshi, hasa Juni na Julai, hufungwa sweta, kofia, shali na blanketi juu yake. Akiwa na mafurushi hayo tumbo lake haliwezi kugusa la mama, na shingo inalazimika kugeuka. Kwa hiyo fungua kwanza. Abaki na nguo moja nyepesi, alale kifuani ngozi kwa ngozi, kisha funika wote wawili kwa kitenge au blanketi kutoka nje. Kifua cha mama kina joto la kutosha.

Mama aegemee, miguu ikanyage chini au kigoda, mto au khanga iliyokunjwa iwe chini ya mkono wake. Aliyepasuliwa alale ubavu, au ampakate mtoto chini ya kwapa, miguu yake ielekee nyuma ya mama ili asiguse kidonda. Katika mkao wowote angalia mambo manne: kichwa na mwili viwe mstari mmoja, uso uelekee titi, tumbo ligusane na la mama, na mwili wote ubebwe, si shingo peke yake.

Sasa polepole. Pua ya mtoto iwe mbele ya chuchu, si mdomo. Mama amshike mabegani na chini ya shingo. Akisukuma kisogo, mtoto hurudisha kichwa nyuma na kulia, halafu watu husema "analikataa titi". Chuchu iguse mdomo wa juu. Subiri. Mtoto atafungua kidogo, atafunga, atalamba. Subiri tena mpaka afungue kama anayepiga miayo, hapo mama amvute mtoto kwake kwa haraka, kidevu kitangulie. Mtoto ndiye anayeletwa kwenye titi. Mama akiinama kumfuata, mgongo utamuuma na mtoto atateleza.

Akishashika vizuri utaona kidevu kimezama kwenye titi, mdomo umeachama, mdomo wa chini umepinduka nje, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu kuliko chini. Mashavu yamejaa, hayabonyei. Mwanzoni ananyonya haraka haraka, halafu anatulia: vuta, vuta, meza, pumzi. Maziwa yakishashuka utasikia anavyomeza.

Makosa mawili ya mikono utayaona karibu kila nyumba. La kwanza, kubana titi kwa vidole viwili kama mkasi, ambako huivuta chuchu nje. Vidole vikae mbali na weusi, dole gumba juu, vingine chini. La pili, kubonyeza titi kwa kidole karibu na pua "asikose hewa". Kidole hicho hicho ndicho kinachomtoa mtoto kwenye titi. Kama pua imezibwa, avute makalio ya mtoto karibu zaidi; kichwa kitarudi nyuma kidogo chenyewe na pua itafunguka.

Ikiuma baada ya nusu dakika ya kwanza, mtoe na uanze upya. Asimvute: aingize kidole kidogo safi pembeni mwa mdomo, mvuto uachie. Mtoto akimaliza tazama chuchu. Ikitoka ya mviringo, sawa. Ikitoka imebapa au imechongoka upande mmoja, alishika vibaya hata kama mama anasema haimuumi.

Chuchu iliyochanika haihitaji krimu ya dukani. Rekebisha anavyoshika, pakaza matone ya maziwa yake mwenyewe, yakauke kwa hewa, na asioshe kwa sabuni. Maumivu ya kuchoma yanayoendelea hata baada ya kunyonya, pamoja na utando mweupe mdomoni mwa mtoto usiotoka ukifutwa, huenda ni fangasi. Wote wawili watibiwe pamoja kliniki.

"Maziwa hayatoshi"

Utaisikia kauli hii kuliko nyingine zote, na mara nyingi si kweli. Siku ya kwanza mtoto hupata kati ya mililita 2 na 10 tu kwa mlo mmoja, za dang'a, yale maziwa mazito ya njano. Siku ya pili ni 5 hadi 15, ya tatu 15 hadi 30, ya nne 30 hadi 60. Kijiko cha chai ni mililita 5. Mpimie bibi maji kwenye kijiko ayaone kwa macho. Mfano huo hufanya kazi kuliko hotuba. Dang'a isimwagwe kwa kisingizio kwamba ni chafu: imejaa kinga na humsaidia mtoto kutoa kinyesi cheusi cha mwanzo.

Matiti kulegea baada ya wiki mbili si dalili ya kukauka. Mtoto kung'ang'ania titi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku ni kawaida. Mama kukamua na kupata matone machache hakuonyeshi kitu, kwa sababu mkono hauko sawa na mdomo wa mtoto.

Kinachopima ni nepi na mizani. Siku ya kwanza mkojo angalau mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu. Kuanzia siku ya tano mara 6 au zaidi kwa saa 24, mweupe usio na harufu kali. Kinyesi kitoke kwenye weusi, kipite kijani, kifike njano siku ya tano. Mtoto hupungua uzito siku za mwanzo, kisha anarudia uzito wa kuzaliwa kufikia siku ya 10 hadi 14. Aliyezaliwa na kilo 3.2 akifika kilo 2.98, yaani pungufu kama asilimia 7, angalia tena anavyoshika na umpime kesho. Akifika kilo 2.88, yaani asilimia 10, aende hospitali leo. Mpime bila nguo, kwa mizani ile ile.

Maziwa yakiwa kweli machache, tafuta sababu. Huenda anamnyonyesha kwa ratiba ya saa tatu tatu, au usiku anapumzishwa na mtoto anapewa maji. Titi lisilokamuliwa hupunguza uzalishaji. Hakuna fumbo hapo. Anyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo, titi la kwanza liishe ndipo ampe la pili. Mtoto akisinzia, mama abane titi taratibu kwa kiganja maziwa yashuke, aachie, abane tena. Akimaliza, akamue dakika kumi. Kama alitoka damu nyingi sana wakati wa kujifungua, bado anatoka damu nzito yenye harufu, au ameanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, apelekwe kwa daktari au kliniki.

Chakula? Mwachie bibi mtori, supu na uji wa ulezi. Havitengenezi maziwa kwa miujiza, lakini mama anayenyonyesha anahitaji nguvu ya ziada, kiasi cha kalori 500 kwa siku, na mtori wenye nyama unampa. Mbege asipewe kwa hoja ya kuongeza maziwa. Pombe huingia kwenye maziwa.

Kabla ya miezi 6 mtoto asipewe maji, glukosi, wala dawa ya chango. Mtoto anayelia sana asipelekwe kukatwa kimeo wala kung'olewa "meno ya plastiki": ni majeraha, na wengine huvuja damu au kupata maambukizi. Hofu ya kubemenda, yaani kwamba tendo la ndoa humdhuru mtoto anayenyonya, nayo itatajwa, kwa sauti ya chini. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Wasubiri mama apone, na wapange uzazi kliniki.

Matiti yakijaa kupita kiasi

Siku ya tatu au ya nne titi linaweza kuwa gumu kama embe bichi, chuchu ikabapa, mtoto akashindwa kushika. Hapo ndipo maji ya moto ya kukandia huletwa. Kukanda tumbo na mgongo ni shauri lao, mradi asiungue, lakini titi lililovimba lisikandwe kwa maji ya moto wala kusagwa kwa nguvu: uvimbe huongezeka. Weka kitambaa cha maji baridi dakika 10 kati ya mlo na mlo. Kabla ya kunyonyesha, aweke ncha za vidole kuzunguka chuchu, abonyeze kuelekea kifuani kwa dakika moja mpaka weusi ulainike. Akamue kidogo tu, kiasi cha mtoto kuweza kushika.

Sehemu moja ikiwa nyekundu, ya moto, na mama anatetemeka au ana homa ya nyuzi 38.5, aendelee kunyonyesha titi hilo hilo, atumie baridi na parasetamo. Bila nafuu ndani ya saa 24, aende akapate dawa. Maziwa hayo hayamdhuru mtoto. Mama anayeishi na VVU ni tofauti kidogo: akipata jipu au mpasuko unaotoa damu, titi hilo akamue na kumwaga, anyonyeshe lingine, na wote wawili waendelee na dawa zao bila kuruka hata siku moja.

Akirudi kazini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya siku 84, au 100 kwa mapacha, na akirudi, hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku ndani ya muda wa kazi. Wengi hawajui haki hii ya pili, waambie.

Aanze kukamua wiki mbili kabla. Dole gumba na kidole cha shahada kwenye ukingo wa weusi, abonyeze nyuma kuelekea kifuani, kisha avibane pamoja, aachie. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Dakika 3 hadi 5 kila titi, abadilishe, jumla dakika 20 hadi 30. Kwenye joto la Moshi la Januari maziwa yakae nje saa 4 tu. Siku za baridi, kwenye chombo safi sana, saa 6 hadi 8. Kwenye friji siku 4, nyuma kabisa, si mlangoni. Yapashwe kwa kukiweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, yasichemshwe. Anayebaki na mtoto amkalishe wima, aguse kikombe kwenye mdomo wa chini, amwache alambe mwenyewe. Asimiminie.

Kabla hujaaga, mwachie bibi dalili hizi kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: mtoto hawezi kunyonya, amelegea au haamki, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea ndani, degedege, mwili wa moto au wa baridi isivyo kawaida, umanjano kwenye viganja na nyayo. Yoyote kati ya hizo ni hospitali ya Mawenzi au KCMC, au kwa walio Arusha, Mount Meru, saa hiyo hiyo hata usiku. Gari la dharura la wazazi na vichanga linaitwa bure kwa namba 115.