Lamu kwa miguu, tumbo tupu

Ukija Lamu, usishibe hotelini kabla ya kuzunguka mji. Toka baada ya Alasiri, jua likipungua, uanzie uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, kisha uingie vichochoro vya mtaa wa Langoni bila haraka. Ukipotea, fuata mteremko tu, utatokea baharini. Kula kidogo kidogo: viazi karai na ukwaju hapa, mshikaki mmoja kule, kaimati mbele. Ukiukuta mkate wa mofa ungali moto, usiupite; uchovye kwenye mchuzi. Pilipili uliza kwanza, maana wapishi wa huku hawana mzaha nayo. Ukitaka kuendelea hadi kijiji cha Shela ni kama kilomita 3, ila tazama maji kwanza: yakijaa, njia ya ufuoni hufunikwa. Beba pesa ndogondogo. Na punda akija, mpishe.