Gari haitulii sailensa? Tafuta kwanza hewa ya wizi

Kiangazi hiki hapa Tabora, gari nyingi zinazoletwa gerejini kwangu zina ugonjwa mmoja: ukisimama, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, gari inatetemeka, mara inazima. Wenyewe wanafika wameshanunua plagi na sensa ya oksijeni, na ugonjwa uko palepale. Inaniuma kuona watu wakipoteza fedha hivyo. Mara nyingi ni hewa ya wizi, yaani inayoingia kwenye injini kupitia ufa badala ya njia yake. Kwa injini za petroli zenye nozeli (vinyunyizio vya mafuta), mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1. Fungua boksi la eya klina. Ikijaa vumbi, badilisha. Kagua pia bomba la mpira linalokwenda kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) kama limepasuka.

Hatua ya 2. Injini ikipoa, toa plagi zote uzipange kwa mfuatano wake. Kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu, mafuta yamezidi. Nyeupe, hewa imezidi. Gramu 1 ya petroli inataka hewa gramu 14.7 hivi. Ikiwa plagi moja tu ni tofauti, shughulika na silinda hiyo.

Hatua ya 3. Pima kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Msimbo P0171 maana yake hewa imezidi mafuta, basi. Hausemi sensa ya oksijeni ni mbovu. Sensa ndiyo iliyoleta habari, na mjumbe hauawi. Soma asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Ikiwa +20 kwenye sailensa, halafu ukishika mizunguko 2,500 inashuka karibu na 0, hewa inaingia kwa wizi. Ikiwa asilimia iko sawa kwenye sailensa lakini inapanda ukikanyaga, anza na filta na pampu ya mafuta. Ikienda hasi sana, shuku nozeli inayovuja.

Hatua ya 4. Hapa usiwe na haraka. Injini ikiunguruma, nyunyizia maji kidogo kidogo kwenye mipira ya vakyumu (inayofyonzwa hewa na injini) na gasketi ya manifoldi (bomba la kugawa hewa kwa silinda), mbali na koili na altaneta. Mlio ukibadilika, umefika. Usitumie petroli kamwe, utaunguza gari na wewe mwenyewe. Juzi mama mmoja muuza asali aliniletea gari ya namna hii. Mpira wa vakyumu wa busta ya breki (kifaa cha kulainisha breki) ulionekana mzima kwa juu. Nikaukunja, ufa ukafunguka upande wa chini, mrefu kama ukucha. Nikauziba kwa kidole gumba, injini ikatulia pale pale. "Kumbe ni hako tu, mwanangu?" Ndiyo mama, ni hako tu.

Hatua ya 5. Sasa ndipo usafishe throto kwa kitambaa na dawa yake. Sensa ya kupima hewa inayoingia ina dawa yake, usiipulizie ya kabureta. Na ile skrubu ndogo ya kuzuia throto usiiguse.

Futa msimbo, endesha kidogo, kisha soma tena asilimia. Ya gari ya yule mama ilikuwa +22. Aliporudi kutoka Ipuli ilisoma +3.