Jinsi ya kuchagua ukuzaji wa dirisha la kutazamia kwenye kamera ya renjifainda ya filamu

Mwezi uliopita binti mmoja anayepiga picha za harusi hapa Tanga alinijia na simu mkononi, hela karibu zimtoke. "Kaka, nimepata Leica M3 kwa bei nzuri. Kila mtu anasema dirisha lake halina mfano." Nikamwuliza lenzi anayoitumia zaidi ni ipi. Milimita 35. Na miwani yake haivui ila akienda kulala. Nikamwomba asitume hata shilingi siku ile. Tukakaa kibarazani mpaka magharibi, na hatua tulizopitia ndizo hizi.

Hatua ya 1: Jua namba inasema nini

Kwenye renjifainda hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia dirisha dogo lililo pembeni, na ndani yake kuna mistari ya fremu inayokuonyesha filamu itachukua kutoka wapi hadi wapi. Ukuzaji ni ukubwa wa vitu humo dirishani ukilinganisha na unavyoviona kwa jicho tupu. Namba 1.0 ni sawa kwa sawa, 0.72 maana yake kila kitu kimepungua hadi asilimia 72 ya ukubwa wake.

Leica M3 ya mwaka 1954 ina 0.91. M2, M4 na M6 ya kawaida zina 0.72. Mwaka 1998 ikaja M6 ya 0.85, na mwaka 2000 M6 TTL ya 0.58. Baadaye M7 na MP zikatengenezwa kwa namba zote tatu, 0.58, 0.72 na 0.85. Upande wa Voigtländer, Bessa R3A na R3M zina 1.0, R2A na R2M zina 0.7, na R4A na R4M zina 0.52. Zeiss Ikon iliyotengenezwa Japani ina 0.74, Konica Hexar RF 0.6, na Canon P ya zamani 1.0.

Namba kubwa si ubora. Ni kama namba ya kiatu.

Hatua ya 2: Taja lenzi moja

Moja tu, ile iliyopiga nusu ya picha zako za mwaka huu. Ukisema "natumia zote" hutafika popote. Kisha hakikisha bodi unayoitamani, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ina mistari ya lenzi hiyo. M3 ina mistari ya 50, 90 na 135 basi. Mwenye 35 atahitaji lenzi iliyofungwa vioo vyake vya mbele, au kitazamio cha kuchomeka juu. Leica za 0.85 hazina mistari ya 28, na za 0.58 hazina ya 135. Kwa binti yetu, M3 iliishia hapa.

Hatua ya 3: Gawanya

Chukua milimita za lenzi, gawanya kwa ukuzaji. Jibu likiwa dogo, fremu inakuwa pana mbele ya jicho lako na pembe zake zinakimbilia ukingoni. Jibu likiwa kubwa, fremu inakuwa kijidirisha katikati.

Lenzi ya 35 kwenye 0.72 inatoa 48.6. Ya 28 kwenye 0.58 inatoa 48.3, kwa hiyo fremu hizo mbili zinalingana machoni. Ya 28 kwenye 0.72 ni 38.9, ya 35 kwenye 0.85 ni 41.2, ya 40 kwenye Bessa R3A ni 40 kamili. Ya 50 kwenye M3 ni 55. Ya 90 kwenye 0.58 inafika 155, na hapo unapanga sura ya mtu ndani ya kitu kama stempu.

Kwa macho yangu na miwani yangu, 48 na kuendelea naona fremu nzima kwa raha. Chini ya 42 siioni yote. Kwa asiyevaa miwani, hata 39 inawezekana akibandika jicho. Wewe utapata mpaka wako kwenye hatua inayofuata, na tafadhali usiiruke.

Hatua ya 4: Pima jicho lako, pamoja na miwani yako

Hapa ndipo nilipopoteza karibu miezi miwili na mikanda minne ya filamu.

Nilinunua bodi ya 0.85 kwa sababu nilisoma kwamba fokasi yake ni ya uhakika zaidi. Lenzi yangu ilikuwa 35. Nikapiga harusi ya jamaa, nikasafisha picha, na kila moja ilikuwa na takataka pembeni: kiti cha plastiki, mkono wa fundi mitambo, ndoo. Vitu ambavyo naapa sikuviona nilipobonyeza. Nikadhani mistari ya fremu imehama. Nikampelekea fundi, akafungua, akapima, akasema kila kitu kiko mahali pake. Nikapiga tena, yaleyale. Kisha siku moja jasho liliniingia machoni, nikavua miwani niifute, na kwa mazoea nikapeleka jicho dirishani bila miwani. Fremu nzima ilikuwa pale, mistari yote minne, na nafasi nje yake. Muda wote ule miwani ilikuwa imelisogeza jicho nyuma, nikawa naona sehemu ya katikati tu, na ukingo wa kile ninachokiona nikauchukua kuwa ndio fremu. Filamu ilikuwa inachukua zaidi ya nilichokiona.

Kwa hiyo pima hivi. Azima renjifainda yoyote ambayo unajua ukuzaji wake na mistari yake. Kama hujui ukuzaji, simama mita tano hivi mbele ya ukuta wa vigae au matofali ya matundu, jicho moja dirishani na jingine wazi. Picha mbili zitapandana. Kama vigae kumi vya dirishani vinakaa ndani ya vigae saba vya jicho tupu, ukuzaji ni 0.7.

Sasa vaa miwani yako ya kila siku, weka kamera usoni kama kawaida, na tazama kiraka cha fokasi cha katikati, kile ambacho picha mbili za kitu hukutana na kuwa moja ukipata umbali sahihi. Bila kuhamisha jicho, je, pembe zote nne za fremu unazihisi kwa pamoja, na kaukanda kidogo nje yake? Ukilazimika kuchungulia kushoto halafu kulia, fremu hiyo imekushinda. Usijiambie utazoea. Ukihamisha jicho ili uione pembe, kiraka cha katikati kinafifia, na kwenye M6 nyingi jua likipiga kutoka pembeni kinapotea kabisa; kwa jua letu la pwani hilo si jambo la nadra. MP ya mwaka 2003 ilirekebishwa kwa hilo.

Rudia kipimo ukiwa umesimamisha kamera wima, kwa sababu jicho na pua hukaa tofauti. Rudia jioni, mboni ya jicho ikiwa imepanuka. Rudia na kila lenzi ambayo bodi hiyo ina mistari yake, kisha andika majibu ya kugawanya ya zile ulizoziona zote na zile zilizokushinda. Kati ya namba hizo mbili ndipo ulipo mpaka wako. Uchukulie kama makadirio, maana nafasi ambayo jicho linaruhusiwa kukaa nyuma ya kioo inatofautiana kati ya kamera na kamera.

Miwani yenyewe pia ina mchango wake. Fremu kubwa za plastiki zinazokaa mbele ya pua zinakunyima milimita unazozihitaji sana. Nilipobadili nikachukua fremu nyembamba zinazokaa karibu na nyusi, 35 kwenye 0.72 ilitoka kwenye "naona kwa shida" ikawa "naona tu". Na angalia mzunguko wa kioo cha jicho: kwenye bodi za zamani kama M3 na M2 ni chuma kitupu, kinakwaruza lenzi za miwani. Bandika kipete cha mpira.

Wengi huniuliza kama si rahisi kufunga kioo cha kurekebisha macho kwenye kamera na kuvua miwani. Inawezekana, ila kuna mambo matatu. Kwanza, dirisha la Leica limeshawekwa kwenye dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi, kilekile cha miwani) -0.5, kwa hiyo hesabu inasogea: mwenye miwani ya -2 anahitaji kioo cha -1.5, na mwenye +1 anahitaji +1.5. Watu hununua kwa namba ya cheti cha daktari wa macho, wanakosea. Pili, vioo hivyo havirekebishi astigmatizimu, yaani jicho lisiloona kwa ukali uleule mistari ya mlalo na ya wima. Tazama kiraka, kisha zungusha kamera kutoka mlalo kwenda wima. Kama ukali wa mistari unabadilika, kioo cha kawaida hakitakutosha. Tatu, ukivua miwani huoni bibi harusi anaingilia mlango gani. Mimi nilijaribu wiki moja, nikaacha.

Wenye miwani ya kusomea peke yake wasiwe na wasiwasi. Picha ya dirishani jicho huiona kama iko mita mbili hivi mbele, kwa hiyo wengi wao huivua tu wakati wa kupiga.

Na jambo la mwisho kuhusu fremu: mistari ya nyingi kati ya kamera hizi imepimwa kwa umbali wa karibu. Ukipiga kitu cha mbali, filamu itachukua zaidi ya mistari inavyoonyesha hata kama macho yako ni mazima. Usilichanganye hilo na tatizo langu la 0.85.

Hatua ya 5: Hakikisha fokasi itatosha

Renjifainda hupima umbali kwa kulinganisha picha kutoka madirisha mawili. Zidisha umbali kati ya madirisha hayo kwa ukuzaji, unapata msingi halisi wa kupimia. Leica M zina karibu milimita 69, kwa hiyo 0.58 inakupa 40, 0.72 inakupa 50, 0.85 inakupa 59, na M3 hufika 62. Bessa zina 37 tu: R3A inabaki 37, R2A ni 26, R4A ni 19. Zeiss Ikon ina 75, ikizidishwa ni 55.5.

Lenzi yako inahitaji kiasi gani? Zidisha milimita zake kwa zenyewe, gawanya kwa namba ya uwazi (ile inayofuata f/), gawanya tena kwa 100. Lenzi ya 50 f/1.4 inahitaji karibu 18. Ya 35 f/1.4 inahitaji 9. Ya 90 f/2 inahitaji 40.5, na ya 75 f/1.4 inahitaji 40. Hicho ni kiwango cha chini kwa jicho zuri na kamera iliyorekebishwa vizuri. Mimi hutaka mara mbili yake. Ndiyo maana hofu ya 0.58 kwa mwenye 35 haina msingi: anahitaji 9, anayo 40. Anayepiga sura kwa 90 f/2 ikiwa wazi kabisa ndiye wa kutafuta 0.85 au M3.

Hatua ya 6: Amua

Asiye na miwani anayeishi na 50: M3, au 0.85. Anaweza kuacha macho yote mawili wazi, na ni raha ambayo 0.72 haikupi. Hii ni kwa anayetumia jicho la kulia. Ukitumia la kushoto, bodi inaziba lile jingine.

Asiye na miwani anayechanganya 35 na 50: 0.72, bila mjadala.

Mwenye miwani na 28, au na 35 inayomsumbua kwenye 0.72: 0.58. Halafu nunua kikuzio cha 1.25 cha kuchomeka kwenye kioo cha jicho, maana 0.58 mara 1.25 ni karibu 0.72, ukakitumia siku za lenzi ndefu. Kukuza dirisha dogo inawezekana, ila sijaona kifaa kizuri cha kupunguza dirisha kubwa. Kikuzio cha 1.4 sikipendi, kinakula mwanga na jicho linatafuta mahali pa kukaa. Na chochote utakachonunua kifunge uzi, kinadondoka.

Binti alipima kwa bodi yangu ya 0.72. Fremu ya 35 aliiona, lakini nje yake hakubakiwa na kitu, na wima pembe moja ilipotea. Akachagua 0.58. Iliingia wiki jana ikiletwa na ndugu aliyetoka Uingereza, na kabla hajaweka mkanda alinitumia ujumbe kutoka jikoni kwao: vigae kumi vimekaa ndani ya sita, pungufu kidogo.