Usitie dawa kwenye matundu ya nguzo za pasheni kwa sababu ya mdudu wa kijani

Wiki iliyopita, huku Kasese, nilimkuta mzee mmoja ana bomba la sindano, anatia dawa katika kila tundu la nguzo zake za pasheni. "Afisa, inzi wa kijani wanatoboa nguzo!" Si mzee huyu peke yake. Mdudu yule si inzi wala hatoboi kitu. Mwenye kutoboa ni yule nyuki mweusi mkubwa, na ndiye anayechavusha pasheni yako. Pasheni ya manjano haizai kwa chavua yake yenyewe. Muue nyuki, halafu ushinde shambani na brashi, ua moja moja.

Wa kijani ni nyigu kekeo. Kama ndege kekeo, hutaga kwenye viota vya wenzake, nyuki na nyigu wanaoishi peke yao matunduni. Majani hali, tunda haligusi.

Mtambue kabla hujashika bomba. Nenda kati ya saa nne na saa nane, jua likiwa kali, umfunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Weka rula kando: wengi wana milimita 4 hadi 12. Mbawa ni 4. Inzi ana 2, na papasio zake fupi hata huzioni. Mnapokosea ni hapa: mnaona kijani, mnahukumu. Rangi haitoshi! Tazama mgongo. Nyigu kekeo ana vishimo vidogovidogo kama subana ya fundi cherehani, manyoya karibu hana. Nyuki wa kijani ana manyoya, na jike mara nyingi amebeba chavua miguuni. Hesabu pingili za tumbo kwa juu: kwa kawaida 3 tu. Chini tumbo limebonyea kama kijiko, ndiyo maana ukimgusa kwa unyasi hujikunja, miguu ndani, kama jongoo. Wa kijani mwenye mapaja mekundu na mwili mrefu mwembamba ni nyigu mwingine, mwindaji wa mende, mwache aende zake.

Kama kuna wadudu wanaoharibu kweli, usipulizie kuanzia saa sita mchana, pasheni ya manjano ikiwa imefungua maua. Bado nawakuta mkipulizia saa saba!

Nguzo iliyooza ing'oe, lakini usiifanye kuni. Ilaze pembeni mwa shamba, mahali pakavu, nyuki waliomo watoke wenyewe. Maua yakianza kushika matunda, wamebaki.