Namna ya Kuomba Likizo ya Ukatili wa Nyumbani Ukiwa Mfanyakazi Nchini Australia

Tangu tarehe 1 Februari 2023, sheria ya kazi ya Australia, yaani Fair Work Act, inampa mfanyakazi anayefanyiwa ukatili wa nyumbani siku 10 za likizo yenye malipo kamili kila mwaka. Waajiri wadogo, wenye wafanyakazi wasiofika 15, walianza kubanwa na sharti hilo tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Wengi ninaowahudumia, wakiwa walezi katika nyumba za wazee, wasafishaji wa maofisi au wafanyakazi wa viwanda vya nyama, ama hawajapata kuisikia likizo hii, ama wameisikia na kuiogopa, kwa kudhani kwamba kuiomba ni kuanika siri ya nyumba mbele ya msimamizi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya hofu hiyo, ili uipate haki yako huku ukisema machache iwezekanavyo. Ikiwa uko hatarini wakati huu unaposoma, piga 000, namba ya dharura, kwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba likizo inakuhusu

Likizo hii ni ya wafanyakazi wote: wa kudumu, wa muda na vibarua wanaoitwa zamu kwa zamu. Siku zote 10 zinapatikana tangu siku ya kwanza ya ajira, hazikusanywi kidogo kidogo kama likizo ya mwaka, na wala hazipunguzwi kwa sababu unafanya kazi siku chache. Anayefanya kazi siku mbili kwa wiki ana siku 10 sawasawa na anayefanya siku tano, kwa hiyo kwake zinaweza kutosha zamu za wiki tano nzima. Zinaanza upya kila unapotimiza mwaka kazini, na zile ambazo hukuzitumia hazivuki kwenda mwaka unaofuata. Aina ya viza uliyonayo haikuondolei haki hii, hata kama mtu anakutishia kwa viza hiyo.

Mahali panapowachanganya watu wetu ni undugu. Sheria inamhesabu mwenza wa sasa au wa zamani, mtu yeyote mnayeishi naye nyumba moja, na jamaa wa karibu, ambao ni wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, babu, bibi na wajukuu, wako au wa mwenza wako. Mama mkwe na shemeji aliye ndugu wa mwenza wako wamo, hata wakiishi mji mwingine. Binamu, ami au mama mdogo, ambao kwetu ni watu wa ndani kabisa, hawamo katika orodha hiyo isipokuwa kama mnaishi nao nyumba moja. Ukatili wenyewe si lazima uwe kipigo. Vitisho na mienendo mingine ya unyanyasaji inayolenga kukutawala na kukutia hofu au madhara inahesabiwa pia. Kwa mfano, mume anayeshikilia kadi yako ya benki na kukutisha kila unapouliza mshahara wako umekwenda wapi yumo ndani ya maelezo hayo.

Hatua ya 2: Safisha njia za mawasiliano

Kabla hujamwandikia mwajiri neno lolote, jiulize nani mwingine anaisoma barua pepe yako. Nyumba nyingi zina anwani moja inayotumiwa na mume na mke, na simu ambayo nenosiri lake linajulikana na wote. Fungua anwani mpya kwa kutumia kifaa ambacho hakijaguswa na anayekudhuru, kisha mwombe mwajiri aitumie hiyo peke yake. Kama kazini kwenu mnatumia programu ya simu kupanga zamu, iangalie pia, kwa kuwa neno dogo linalotokea karibu na tarehe ya zamu linaweza kukufichua.

Hatua ya 3: Mjulishe mwajiri, kwa maandishi na kwa ufupi

Huhitaji kuomba wiki mbili kabla. Sheria inataka umjulishe mwajiri mapema kadiri inavyowezekana, na inakubali hata taarifa inayotolewa baada ya likizo kuanza, kwa sababu mtu anayekimbia nyumba usiku hana nafasi ya kujaza fomu. Mwambie pia unatarajia kutokuwepo kwa muda gani. Likizo yaweza kuwa ya siku mfululizo au siku mojamoja, na mkikubaliana, hata ya saa chache.

Sababu iwe ni jambo unalopaswa kulifanya kutokana na ukatili huo na ambalo ni vigumu kulifanya nje ya saa za kazi: kuhama, kwenda mahakamani au polisi, kumwona daktari, mwanasheria, mshauri nasaha au mshauri wa fedha. Ujumbe wa namna hii unatosha, ukitafsiriwa kwa Kiingereza na mtu unayemwamini:

«Naomba likizo yenye malipo ya ukatili wa kifamilia na wa nyumbani siku ya Jumanne na Jumatano. Tafadhali tunzeni jambo hili kwa siri na mwasiliane nami kwa anwani hii tu. Naomba pia mnithibitishie jinsi malipo haya yatakavyoonekana katika hati yangu ya mshahara.»

Usieleze zaidi ya hapo. Nimeona watu wakiandika kurasa tatu za maisha yao kwa msimamizi wasiyemjua vizuri, na kurasa hizo haziwaongezei haki hata moja.

Hatua ya 4: Andaa uthibitisho

Mwajiri anaruhusiwa kudai uthibitisho, nao unaweza kuwa hati ya polisi, hati ya mahakama, barua ya shirika linalosaidia waathiriwa, au tamko la kisheria ambalo hapa huitwa statutory declaration. Hili la mwisho ndilo ninalolipendekeza kwa ambaye hajaenda polisi wala hataki kwenda. Unaandika mwenyewe sentensi chache za kweli, kisha unalitia saini mbele ya shahidi anayeruhusiwa kisheria, kwa mfano mfamasia, muuguzi au daktari. Kuandika uongo humo ni kosa la jinai. Njia ya kulifanya mtandaoni kupitia myGov, akaunti ya huduma za serikali, ipo pia, lakini iepuke ikiwa anayekudhuru anaijua akaunti yako.

Kokote inakowezekana, onyesha hati hiyo badala ya kuacha nakala.

Hatua ya 5: Kagua hati ya mshahara

Hapa naomba usome taratibu, kwani wengi hawaijui sehemu hii, na baadhi ya waajiri wenyewe hawaijui. Hati ya mshahara hairuhusiwi kutaja kwamba umelipwa likizo ya ukatili wa nyumbani, wala kuonyesha siku ngapi zimebaki. Malipo hayo huandikwa kama saa za kawaida za kazi au kama malipo mengine ya kazi, na ukiomba wewe mwenyewe, yanaweza kuandikwa kama likizo ya aina nyingine, tuseme likizo ya mwaka. Kiasi nacho lazima kiwe kamili: kama zamu uliyoikosa ilikuwa ya Jumapili yenye nyongeza, nyongeza hiyo unalipwa, na kibarua analipwa saa za zamu aliyokwisha kupangiwa na kuikubali. Mhasibu akikosea, madai ya kusahihishwa yafanywe siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Omba mabadiliko ya ratiba

Siku 10 huisha haraka. Ukiwa umetimiza miezi 12 kazini, au ukiwa kibarua wa zamu za mara kwa mara kwa muda huo, unaweza kuomba kwa maandishi saa tofauti au kituo kingine cha kazi, ukieleza sababu, na mwajiri anatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 21. Kubadili muda wa kutoka, ili anayekusubiri getini asikukute, kumewasaidia baadhi ya watu ninaowahudumia kuliko likizo yenyewe.

Hatua ya 7: Ukinyimwa au ukifukuzwa

Tangu tarehe 15 Desemba 2023 ni marufuku kumbagua mfanyakazi au kumfukuza kwa sababu anafanyiwa ukatili wa nyumbani. Ukifukuzwa, una siku 21 tu za kufungua shauri Fair Work Commission, chombo cha kuamua migogoro ya kazi, zikihesabiwa tangu kufukuzwa kuanza kutekelezwa, basi usingoje ahadi za msimamizi. Kwa malipo uliyonyimwa, piga Fair Work Ombudsman, ofisi ya serikali inayosimamia haki za wafanyakazi, 13 13 94, na kama una chama cha wafanyakazi, waambie pia.

Kwa ushauri wa usalama, 1800RESPECT, huduma ya taifa ya ushauri kwa wanaofanyiwa ukatili, hupokea simu usiku na mchana kupitia 1800 737 732. Mkalimani wa Kiswahili hupatikana kupitia 131 450, namba ya huduma ya ukalimani ya serikali. Kwa kuwa jumuiya zetu ni ndogo na wakalimani wanafahamiana na watu, omba mkalimani wa jimbo jingine au wa jinsia unayoitaka, usitaje jina lako mpaka mshauri atakapokuhitaji ulitaje, na ukiitambua sauti ya mkalimani, kata simu na upige tena.