Kutaja mikazo ya fuvu bila kugeuza kushoto na kulia

Mdogo wetu mmoja anasomea osteopathia (udaktari unaotumia pia tiba ya mikono) huku Marekani na anajiandaa kwa COMLEX, mtihani wa leseni ya madaktari hao. Kushika fuvu anajua. Jina la mkazo, yaani namna mifupa ya fuvu inavyohisiwa kwenda upande, ndilo linampiga chenga.

Hatua ya 1. Mgonjwa alale chali, ukae kichwani pake. Ukishuku damu inavuja ndani ya fuvu, shinikizo limepanda au fuvu limevunjika, usiguse; apelekwe hospitali.

Hatua ya 2. Vidole vya shahada kwenye mabawa makubwa ya sfenoidi (mfupa wa kitako cha fuvu ambao mabawa yake hutokea kwenye vipaji vya pembeni, nyuma ya macho), vya kati mbele ya masikio, vya pete nyuma yake, vidogo kwenye mfupa wa kisogo. Mguso mwepesi.

Hatua ya 3. Mkazo wa msokoto hupewa jina la upande ambao bawa la sfenoidi limepanda. Kupinda-na-kuzunguka hupewa jina la upande uliotuna, ambako vidole hutanuka na kushuka kuelekea miguuni.

Hatua ya 4. Hapa ndipo watu hukwama. Mkazo wa pembeni na wa wima hupewa jina kwa kitako cha sfenoidi, pale kinapokutana na mfupa wa kisogo. Vidole vyako viko kwenye mabawa, mbele ya mhimili ambao mfupa huo unazungukia, kwa hiyo vinakwenda kinyume.

Achana na video. Chukua viberiti viwili. Vipange mezani kimoja mbele ya kingine: cha mbele sfenoidi, cha nyuma kisogo. Bonyeza kila kimoja katikati kwa kidole, uvizungushe vyote kama mshale wa saa. Kitako cha sfenoidi kimekwenda kushoto, ncha ya mbele kulia. Huo ni mkazo wa pembeni wa kushoto, ingawa vidole vya shahada vimesogea kulia na vidogo kushoto. Kushoto na kulia ni kwa mgonjwa. Bahati nzuri, ukikaa kichwani pake pande zenu zinalingana.

Wima ni vilevile: kitako kikipanda, mkazo ni wa juu, lakini vidole vya shahada vinashuka kuelekea miguuni na vidogo vinakujia wewe. Swali likitaja vidole vya shahada, geuza. Likitaja kitako, usigeuze kitu.

Hatua ya 5. Peleka fuvu upande linakokwenda kirahisi, usubiri lilegee. Mgonjwa usimwahidi makubwa: nadharia hii ya William Garner Sutherland, tabibu wa osteopathia wa Marekani, inategemea kiungo cha sfenoidi na kisogo ambacho kwa mtu mzima kimeshaungana kuwa mfupa, na tafiti zimeonyesha wapimaji wawili mara nyingi hawakubaliani wanachohisi kwenye kichwa kilekile.